Shajara ya Podikasti: Kesi ya Timothy Evans, Kipindi kwa Kipindi

6 Januari 2024. Kesi gani, na kwa nini ya zamani

Mradi ni podikasti ya uhalifu wa kweli kwa Kiswahili, inayofanywa usiku na mwisho wa wiki, nje ya saa za kazi inayonilisha. Mtu mmoja anatafiti, anaandika, anasoma na kuhariri. Msimu wa kwanza utakuwa na vipindi vinne vya nusu saa hivi kila kimoja. Naandika maendeleo hapa kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kufanya kazi ya namna hii aige kinachofaa na aepuke kilichonigharimu.

Orodha yangu ya mwanzo ilijaa kesi za karibuni, zile ambazo watu wanazizungumza kila siku. Nimeifuta yote. Kesi iliyo bado mahakamani si mali ya msimulizi. Mwaka 2019 podikasti ya The Teacher's Pet iliondolewa hewani nchini Australia ili isiathiri kesi ya Chris Dawson, aliyekuwa ameshtakiwa kwa kumuua mkewe Lynette, mwanamke aliyetoweka mwaka 1982. Dawson alipopatikana na hatia mwaka 2022, kesi ilikuwa imesikilizwa na jaji peke yake, bila juri (raia wanaoamua kama mtu ana hatia), kwa sababu habari zilikuwa zimeshaenea mno. Podikasti ile ilikuwa na gazeti kubwa nyuma yake. Mimi sina gazeti wala wakili. Nikimtaja mtu aliye hai kuwa muuaji na mahakama haijasema hivyo, kesi ya kashfa itanikuta peke yangu, na yeye atakuwa ameumizwa vilevile hata nikishinda.

Kwa hiyo nimechagua kesi ya Timothy Evans. Novemba 1949, mkewe Beryl na binti yao Geraldine, mtoto wa mwaka mmoja na mwezi mmoja, waliuawa katika nyumba namba 10, mtaa wa Rillington Place, London. Evans alishtakiwa, akahukumiwa kwa kumuua mtoto, akanyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 9 Machi 1950. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa mpangaji wa chini, John Christie. Miaka mitatu baadaye mpangaji mwingine alibandua karatasi ya ukuta jikoni kwa Christie na kukuta maiti za wanawake. Christie mwenyewe alinyongwa Julai 1953. Evans alipewa msamaha wa kifalme Oktoba 1966.

Mahakama imeshamaliza, wahusika wakuu wamekufa, na nyaraka rasmi zimechapishwa. Ila wafu wana jamaa: dada zake Evans walikuwa bado wanaidai haki yake mwanzoni mwa karne hii. Hilo nimeliandika kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza.

27 Januari 2024. Vyanzo: nilipokwama na daftari lililonitoa

Nilianzia mahali pasipofaa. Kumbukumbu za kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, ziko mtandaoni bure, na Evans alihukumiwa Old Bailey, basi nikadhani mwenendo wa kesi ungenisubiri pale. Kumbukumbu zile zinaanza mwaka 1674 na kuishia 1913. Mwisho wa wiki mzima ulipotea kabla sijaangalia mwaka wa mwisho. Ushauri kwa anayefuata: kabla ya kutafuta jina katika hifadhi yoyote, soma kwanza inaanza lini na kuishia lini.

Kilichonisaidia zaidi ni mijadala ya Bunge la Uingereza, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Humo unamkuta James Chuter Ede, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani Evans aliponyongwa, akikiri baadaye mbele ya wabunge wenzake kwamba kosa lilitendeka. Ripoti mbili za uchunguzi rasmi nazo ni za lazima, ingawa zinapingana. Ya 1953, ya wakili Scott Henderson, ilisema Evans aliwaua wote wawili. Ya 1966, ya Jaji Brabin, ilisema yaelekea alimuua mkewe lakini hakumuua mtoto. Mwaka 2004 ndipo majaji wa Mahakama Kuu walipokubali kwamba hakumuua yeyote kati yao, huku wakikataa kuirudisha kesi kwenye rufaa.

Hapa ndipo hitilafu kubwa ya mwanzo ilipojitokeza. Nilikuwa nanukuu mambo kwenye daftari la kawaida, mstari kwa mstari, bila kuandika limetoka wapi. Baada ya wiki chache nilikuwa na kurasa nyingi za sentensi zenye uhakika wa aina moja: jambo lililoapiwa kizimbani lilikaa sawa na jambo lililokisiwa na mwandishi wa miaka ishirini baadaye. Ilibidi nirudie karibu kila kitu.

Daftari jipya ni jedwali la kompyuta. Kila safu ina dai moja tu, kwa maneno machache. Safuwima zake: nani anasema, alisema lini, alisema wapi (kizimbani, polisi, bungeni, kwenye tume, gazetini), ukurasa, na nani anampinga. Safuwima hii ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Dai lisilo na mpinzani yeyote huwa nalitafuta mara ya pili, maana mara nyingi limenakiliwa kutoka chanzo kimoja na wote waliofuata.

Mfano wa faida yake: maelezo ya Evans kwa polisi. Katika simulizi nyingi utasikia tu kwamba "alikiri". Jedwali linaonyesha mfuatano. Tarehe 30 Novemba 1949 aliingia mwenyewe kituo cha polisi cha Merthyr Tydfil, Wales, akasema mkewe alikufa baada ya kunywa dawa ya kutoa mimba na kwamba aliutumbukiza mwili kwenye mtaro. Polisi wa London walikwenda kuangalia. Mtaro ulikuwa mtupu, na mfuniko wake ulihitaji maofisa watatu kuuinua. Ndipo Evans akabadili maelezo na kumtaja Christie, kwamba ndiye aliyejitolea kumtoa Beryl mimba. Maiti zilipopatikana kwenye chumba cha kufulia nyuma ya nyumba tarehe 2 Desemba na yeye kurudishwa London, usiku ule yaliandikwa maelezo ya kukiri. Evans alikuwa hawezi kusoma wala kuandika vizuri. Maelezo yale yaliandikwa na polisi.

Ukiyapanga hivyo, swali la kipindi cha kwanza linajileta lenyewe.

17 Februari 2024. Vifaa

Kwa kifupi, maana wengi wameshaandika kuhusu hili. Kipaza sauti cha kwanza kilikuwa cha aina ya kondensa, kizuri kwa studio, kibaya kwa chumba cha kulala: kilinasa jokofu, feni ya kompyuta na watu wa nje. Nimekibadilisha kwa kipaza sauti cha dainamiki kinachochomekwa kwa USB. Hiki husikia kilicho karibu na kuyapuuza ya mbali, mradi mdomo uwe umbali wa kiganja na usemee pembeni kidogo ili herufi P na B zisipulize. Mapazia mazito, godoro lililosimamishwa nyuma ya msomaji na zulia chini vimefanya kazi kuliko vibao vya sifongo nilivyofikiria kununua.

Programu ya kuhariri ni Audacity, ambayo ni ya bure. Narekodi faili za WAV, biti 24, kilohezi 44.1. Kompyuta ni ile ile ya zamani.

Vipaza sauti hivyo viwili vimekula sehemu kubwa ya fedha zote za mradi hadi leo, na kimoja kati yake kimelala kabatini. Azima kabla ya kununua, urekodi dakika moja ya ukimya chumbani mwako, kisha uisikilize kwa visikilizio. Dakika hiyo itakuambia ununue nini.

9 Machi 2024. Muswada wa kwanza, na Beryl aliyekosekana

Muswada wa kipindi cha kwanza ulianza mwaka 1953, jikoni kwa Christie, karatasi ya ukuta ikibanduliwa. Mwanzo ule unashika, nakiri. Niliusoma kwa sauti, nikauweka siku kadhaa, nikaurudia nikiwa na kalamu. Kurasa zote za mwanzo, Beryl alikuwa maiti. Hakuzungumza, hakutembea, hakutaka chochote. Christie, kwa upande wake, alikuwa ameelezwa miwani, sauti yake ya chini, kazi aliyowahi kuifanya ya askari wa akiba wakati wa vita. Mtu aliyeua alikuwa na uhai wote wa simulizi.

Tatizo hili linaanzia kwenye vyanzo. Polisi na mahakama huandika mengi juu ya anayeshtakiwa na machache juu ya aliyekufa, na ukifuata nyaraka tu, utazaa upungufu ule ule. Nilirudi kwenye jedwali nikachuja safu zinazomhusu Beryl akiwa hai. Ni chache, lakini zipo: alikuwa na miaka 20; alikuwa na mtoto mchanga katika vyumba vidogo vya juu kabisa; fedha zilikuwa haba na ugomvi ulikuwepo; alikuwa na mimba ya pili na hakutaka kuendelea nayo katika nchi ambayo wakati ule ilihesabu kutoa mimba kuwa jinai. Hilo la mwisho ndilo lililompa Christie mlango. Bila kueleza shida ya Beryl, huwezi kueleza jinsi jirani asiye daktari alivyoweza kuaminiwa.

Muswada mpya unaanza na Evans na Beryl wakihamia nyumba ile mwaka 1948. Jikoni kwa Christie pamehamia kipindi cha tatu, mahali pake kwa mfuatano wa wakati. Nimejiwekea pia mpaka: hakuna maelezo ya majeraha zaidi ya yale yanayobadilisha uamuzi wa msikilizaji juu ya nani alifanya nini. Kwa kipimo hicho, aya nyingi zimeondoka na hakuna hata moja niliyoikosa.

Jambo la ufundi: sentensi za kusomwa si sentensi za kurasa. Kila sentensi yenye majina mawili ya kiume na kitenzi kimoja humchanganya msikilizaji asiyeweza kurudi nyuma kwa jicho. Rudia jina. Kwenye karatasi litaonekana zito, sikioni litapita vizuri.

30 Machi 2024. Kurekodi

Hatua iliyoenda vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa kwa jambo moja. Nilisoma nusu ya kipindi usiku na nusu asubuhi. Zilipounganishwa zikasikika kama watu wawili: sauti ya asubuhi ni nzito na ya usiku imechoka. Hakuna kichujio kilichoziba pengo hilo. Sasa kipindi kizima kinarekodiwa kwa mkao mmoja, saa ile ile, na kila nikikosea napiga kofi moja ili alama ionekane kwenye wimbi la sauti, kisha narudia sentensi yote tangu mwanzo wake. Mwisho wa kila mkao narekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika. Ukimya huo ndio wa kuziba mapengo, maana ukimya mtupu wa kompyuta husikika kama shimo.

Kiwango cha kurekodi: vilele vya sauti visivuke desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo ukomo wa kipimo. Sauti iliyopasuka haitengenezeki.

20 Aprili 2024. Sauti inayohukumu

Hapa naandika kwa urefu, kwa sababu ndilo jambo nililolipata katika mradi huu ambalo sikuliona limeandikwa mahali nilipokuwa najifunza.

Kipindi cha kwanza kilipokamilika niliwapa watu wachache wasikilize, kila mtu peke yake. Sikuwauliza kama ni kizuri. Niliuliza swali moja: kwa kipindi hiki peke yake, unadhani Evans alifanya nini? Karibu wote walijibu kwamba aliua. Mmoja wao, rafiki aliyesomea sheria, alinipigia simu. "Ndugu yangu," akasema, "jaji hajaingia mahakamani na wewe umeshamnyonga."

Nikachukua muswada nikausoma mstari kwa mstari. Hakuna sentensi inayosema Evans ni muuaji. Kila dai lina mwenyewe: polisi waliandika, Evans alidai, Christie aliapa. Kwa maandishi, kipindi kilikuwa cha haki kabisa. Basi hukumu ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye sauti. Nilizima tabaka za sauti za uhariri moja moja nikaisikiliza sehemu ya kukiri bila kila moja, na nikakuta mambo manne.

Kwanza, muziki. Chini ya maelezo ya kukiri nilikuwa nimeweka mvumo mzito wa noti moja, ule ambao kila msikilizaji ameshazoeshwa kuusikia pale muuaji anapotajwa. Mvumo uliingia jina la Evans lilipotajwa, ukakoma sentensi yake ya mwisho ilipoisha. Chini ya ushahidi wa Christie hapakuwa na muziki wowote, kwa sababu niliuona ni sehemu ya maelezo ya kawaida. Kwa hiyo Evans alipewa wasiwasi na Christie akapewa ukweli.

Pili, mwangwi. Maneno ya Evans niliyatia mwangwi wa chumba ili yasikike kama ya kituo cha polisi. Maneno ya Christie yalibaki makavu, karibu na sikio, sauti ya mtu unayemwamini.

Tatu, vituo. Baada ya "Evans alisema alikuwa peke yake" niliacha ukimya wa sekunde mbili. Kituo hicho hakikuwepo kwenye muswada. Mkono ulikiweka wakati wa kuhariri kwa sababu kilipendeza, na kikawa kidole kinachomnyooshea mtu.

Nne, usomaji. Maneno yake niliyasoma polepole, kwa sauti ya kukwaruza. Ya Christie niliyasoma kwa utulivu.

Nilishawishika kuyaacha hivyo. Hoja yangu ilikuwa hii: juri ya mwaka 1950 ilimwamini Christie na haikumwamini Evans, katika kesi iliyochukua siku tatu tu. Msikilizaji akidanganyika kama juri ilivyodanganyika, kisha kipindi cha tatu kikamfumbua macho, atakuwa ameonja kosa lile mwenyewe. Ni muundo wenye nguvu, na wapo wanaoutumia kwa ustadi.

Nimeukataa. Vipindi vya podikasti havisikilizwi kama sura za kitabu. Mtu husikiliza kimoja akiwa njiani, akafika, akazima, asirudi tena. Huyo atabeba Evans muuaji maisha yake yote, na nitakuwa nimemhukumu mara ya pili mtu aliyenyongwa na kusamehewa. Kama mshangao wa kipindi cha tatu unahitaji uongo wa kipindi cha kwanza, mshangao huo haufai. Kweli yenyewe inatosha: polisi waliipekua nyumba ile mwaka 1949 na bustani yake ilikuwa na mifupa ya wanawake wawili waliouawa miaka ya vita, Ruth Fuerst na Muriel Eady. Mfupa wa paja ulikuwa umeegemezwa kwenye uzio wa bustani, mbele ya macho yao. Hilo halihitaji mvumo.

Marekebisho niliyofanya, na ambayo sasa ni kanuni:

Muziki hauingii wala hautoki kwenye jina la mtu. Unaruhusiwa kati ya sehemu na sehemu, na chini ya maelezo ya mahali au wakati. Hakuna athari za sauti kwenye maneno ya mtu yeyote. Wote wanasomwa makavu, kwa mwendo mmoja. Vituo vyote vinaandikwa kwenye muswada, na kisichoandikwa hakiongezwi. Mwisho wa kila kipindi kinachoachia njiani, sentensi moja inamweleza msikilizaji kwamba Evans alisamehewa mwaka 1966. Nilihofia sentensi hiyo ingeua hamu ya kuendelea. Haikuua. Watu waliorudia kusikiliza walitaka kujua ilikuwaje mtu asiye na hatia akakiri, na swali hilo ni kubwa kuliko lile la nani aliua.

Gharama ya marekebisho haya haikuwa fedha, ilikuwa muda: kipindi kilihaririwa upya tangu mwanzo, na sehemu zote za maneno yaliyonukuliwa zikarekodiwa tena. Anayeanza leo awape watu kipindi cha majaribio kabla ya kuweka muziki, kisha baada ya kuuweka, na swali liwe lile lile mara zote mbili. Majibu yakibadilika, muziki wake unatoa ushahidi.

11 Mei 2024. Kiwango cha sauti na ukubwa wa faili

Kipindi kilisikika kizuri kwenye kompyuta na kidogo mno kwenye simu. Kipimo cha vilele hakitoshi. Kinachotakiwa ni kipimo cha uzito wa sauti kwa sikio, LUFS. Lengo la kawaida kwa podikasti ni -16 LUFS kwa faili la stirio (njia mbili za sauti) na -19 kwa mono (njia moja), vilele visipite desibeli 1 chini ya sifuri. Mimi nilipima mono kwa lengo la stirio, nikaikandamiza sauti hadi pumzi zangu zikawa na nguvu sawa na maneno. Nimerudisha -19, pumzi zimetulia.

Sauti ya mtu mmoja haihitaji stirio. Faili la MP3 la mono kwa kilobiti 64 kwa sekunde lina megabaiti 14 na kidogo kwa nusu saa. Kwa kilobiti 128 ni mara mbili yake. Nimesikiliza yote mawili na tofauti inasikika kwenye muziki tu. Kwa kuwa muziki umebaki mdogo, nimechagua 64, na msikilizaji anayehesabu data yake atanishukuru.

Muziki wenyewe ni wa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kazi itumiwe bure kwa masharti. Soma herufi za mwisho wa leseni kabla ya kupenda wimbo: NC inakataza matumizi ya kibiashara, na siku utakapoweka tangazo moja, vipindi vyote vyenye wimbo huo vitakuwa na shida. Nimebaki na zile zinazodai kutajwa jina tu, na majina yametajwa kwenye maelezo ya kila kipindi.

1 Juni 2024. Kupakia

Podikasti ni faili za sauti na mlisho wa RSS unaoziorodhesha. Programu za kusikilizia husoma mlisho huo. Kampuni ya kwanza niliyoitumia kuhifadhi faili ilikuwa ya bure, na masharti yake, ambayo niliyasoma kwa makini baada ya kupakia, yalisema vipindi vya zamani huondolewa baada ya muda. Kwa mfululizo wa kesi moja hilo haliwezekani, maana kipindi cha kwanza ndicho msingi. Nimehamia kwa malipo ya kila mwezi. Kabla ya kuhama hakikisha kampuni unayoiacha itaelekeza mlisho wa zamani kwenda kwenye mpya, la sivyo wasikilizaji waliojiandikisha watabaki wakisubiri kwenye mlango usiofunguliwa tena.

Picha ya jalada: pikseli 3000 kwa 3000. Picha za magazeti za Evans na Christie zina wenyewe, na sikutaka pia sura ya Christie iwe alama ya mradi. Jalada ni mchoro wa ngazi. Mtaa wenyewe haupo tena. Ulibomolewa miaka ya 1970.

6 Julai 2024. Sahihisho la kipindi cha pili

Msikilizaji ameandika kwa heshima kubwa, na ana haki. Kipindi cha pili kilisema msamaha wa 1966 ulimsafisha Evans na vifo vyote viwili. Msamaha ulihusu kifo cha Geraldine, kwa sababu ndicho alichohukumiwa nacho. Shtaka la Beryl halikuendelezwa. Jedwali lilikuwa sahihi. Sentensi iliharibika nilipofupisha muswada ili uingie kwenye nusu saa.

Nimefanya hivi: nimerekodi sentensi mpya, nimebadilisha faili la sauti bila kubadilisha kitambulisho chake kwenye mlisho ili kisitokee kama kipindi kipya, nimeandika sahihisho na tarehe juu kabisa ya maelezo ya kipindi, na nimelisoma mwanzoni mwa kipindi cha tatu kwa waliokwisha kupakua toleo la zamani. Kubadilisha kimyakimya ni rahisi zaidi, lakini wapo wanaonukuu podikasti kama chanzo, nao lazima wajue walichonukuu kimebadilika.

Hatua mpya kabla ya kurekodi: muswada wa mwisho, uliokwisha kufupishwa, unalinganishwa tena na jedwali. Inachukua jioni moja kwa kila kipindi.

17 Agosto 2024. Ujumbe wa wasikilizaji

Baada ya kipindi cha tatu kisanduku cha barua kimejaa, na mengi ni mazuri. Yapo pia ya aina nyingine: majina ya watu walio hai, picha, kesi zisizotatuliwa, na maombi kwamba niwataje hewani ili "watu wajue".

Mwaka 2013, baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, watu mtandaoni walimtaja mwanafunzi aliyekuwa ametoweka kuwa mshukiwa. Hakuhusika kabisa, na baadaye alipatikana amekufa. Familia yake ilikuwa inamtafuta huku ikitukanwa. Hilo lilifanywa na watu wengi waliodhani wanasaidia.

Upo pia mfano wa kinyume, nami nauheshimu. Chris Lambert, mwanamuziki wa California, alianzisha mwaka 2019 podikasti ya Your Own Backyard kuhusu Kristin Smart, mwanafunzi aliyetoweka 1996. Alifanya kazi peke yake, nje ya chombo chochote cha habari. Mashahidi walimwendea, naye akawafikisha kwa wapelelezi. Paul Flores alipatikana na hatia ya mauaji Oktoba 2022. Nilichojifunza kwake ni njia ambayo habari ilipita: kutoka kwa shahidi hadi kwa mwenye mamlaka ya kuchunguza.

Utaratibu wangu: ujumbe unaodai kujua jambo juu ya kesi ambayo haijatatuliwa unajibiwa siku hiyo, kwa kumwomba mtumaji aupeleke polisi au kwa wakili anayemwamini. Hautajwi hewani na hausambazwi. Barua za waliopoteza jamaa zao kwa kuuawa nazijibu mwenyewe, moja moja, bila maneno ya kunakili. Hizo ndizo zinazochukua muda kuliko zote, na sitaki zichukue mchache zaidi.

28 Septemba 2024. Hesabu ya msimu

Vipindi vinne viko hewani. Fedha: vipaza sauti na kisimamo chake vilichukua zaidi ya nusu, kinachofuata ni malipo ya kila mwezi ya kuhifadhi faili, kisha nakala za nyaraka. Programu hazikugharimu kitu. Mapato hakuna, na sikuweka matangazo, kwa sababu sijapata namna ya kumruhusu mtu auze bidhaa kati ya ushahidi wa Christie na kitanzi cha Evans.

Muda: utafiti na muswada vilikula kama sehemu tatu kati ya nne. Kurekodi ni kidogo mno. Uhariri ungekuwa nusu ya ulivyokuwa kama lile la Aprili ningelijua Januari.

Msimu wa pili ni kesi ya Derek Bentley, aliyenyongwa Januari 1953 akiwa na miaka 19 kwa mauaji ya polisi ambaye yeye hakumfyatulia risasi, na ambaye hukumu yake ilifutwa na Mahakama ya Rufaa Julai 1998. Jedwali limefunguliwa. Safu za kwanza zinamhusu Sidney Miles, polisi aliyeuawa, na nazijaza hizo kabla ya nyingine zote.